SHIHATA na Njia ya Habari za Nambis

Nambis ni kata ya Mbulu, katika nyanda za juu zinazotazama Bonde la Ufa, nchi ya Wairaqw ambao wengi huwaita Wambulu. Msomaji wa pwani, ambaye wazee wake walipokea habari kwa jahazi kabla ya redio, huenda hajapata kulisikia jina hilo. Kutosikika huko kuna historia yake, na sehemu ya historia hiyo ni ya Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA.

Shirika hilo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1976. Dai lililolizaa lilikuwa la haki. Tangu enzi za mkoloni habari za Afrika Mashariki zilikusanywa na Reuters, zikapelekwa London, zikachujwa huko, kisha zikarejeshwa kuuzwa kwa wenyewe. Kenya ilianzisha shirika lake mwaka 1963. Nchi zisizofungamana na upande wowote ziliunganisha mashirika yao mwaka 1975, na mwaka 1979 nchi huru za Afrika zikaasisi PANA, lililoanza kutuma habari kutoka Dakar tarehe 25 Mei 1983. Ripoti ya tume ya Seán MacBride, iliyotolewa na UNESCO mwaka 1980, iliutetea msimamo huo mbele ya dunia: habari zisitiririke upande mmoja tu, kutoka kwa wenye nguvu kwenda kwa wanyonge.

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini yapimwe pia ndani ya nchi. Sheria iliipa SHIHATA mamlaka ya pekee ya kukusanya na kusambaza habari, hata zile za mashirika ya nje zikapita mikononi mwake. Habari za Mbulu, ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Arusha, zilikuwa na mlango mmoja, na ufunguo ulikuwa Dar es Salaam. Kile ambacho London ilikuwa kwa Dar es Salaam, Dar es Salaam ikawa kwa Nambis.

Ubaya wa mlango mmoja ulidhihirika kusini mwa Nambis, wilayani Hanang. Huko Basotu, shirika la umma la NAFCO lililima ngano kwa msaada wa Kanada katika mashamba saba, takriban ekari 100,000, juu ya malisho ya Wabarbaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki. Katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mlalamikiwa alikuwa mali ya serikali, na mkusanya habari naye alikuwa mali ya serikali. Mwandishi mwema aliweza kuwapo, na bila shaka walikuwapo. Ila ni mzigo mzito kumtaka mtumishi amshitaki bwana wake kwa teleksi ya bwana wake.

Wapenzi wa ushairi watapendezwa kujua kwamba Wairaqw wana sanaa yao iitwayo slufay, dua ya kishairi ambayo mzee huisema mbele ya watu nao humwitikia. Bila kiitikio haijakamilika. Teleksi haikuwa na kiitikio. Maagizo yalishuka, taarifa za ziara za viongozi na mavuno zikapanda.

Miaka ya 1990 magazeti binafsi yalifumuka, na ukiritimba ukapoteza maana kabla haujafutwa. Shirika lilidhoofika kwa uhaba wa fedha na vifaa, hatimaye likavunjwa, kazi zake zikachukuliwa na Idara ya Habari, MAELEZO. Wachache walililia. Pengine lilistahili machozi zaidi kidogo, kwa kuwa dai lake dhidi ya London halikuwa limejibiwa.

Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka, tope likavamia Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Picha zilisambaa kwa simu za mkononi, kutoka kwa watu waliokuwa wamesimama ndani ya tope hilo.