Mafaili Matupu ya Mwaka 2009

Ugomvi kati ya kanuni iliyoandikwa na mazoea ya watu nimeusoma katika historia ya ardhi, ya ndoa na ya forodha. Sikutegemea kuukuta ndani ya kompyuta.

Desemba 2008 lilitoka toleo la Linux 2.6.28, ambamo ext4, mfumo wa kupanga mafaili diskini, ulitangazwa kuwa umekomaa. Mtangulizi wake, ext3, kwa kawaida ulipeleka data diskini kila sekunde 5 hivi. Ext4 huchelewa kwa makusudi ili igawe nafasi vizuri. Kazi huenda haraka, lakini maandishi huweza kukaa nusu dakika au zaidi katika kumbukumbu ya muda. Mapema 2009 watumiaji wa Ubuntu wakalalamika: mashine ikizimika ghafla, mafaili yao hurudi matupu. Jina lipo, ndani sifuri.

Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, alieleza kuwa kanuni za POSIX hazikuvunjwa: programu inayotaka uhakika iombe, kwa amri iitwayo fsync, data ifikishwe diskini kwanza. Kwa herufi ya kanuni alisema kweli. Ila waandishi wa programu walikuwa wamelelewa na ext3, ambako unaandika faili jipya, unalipa jina la lile la zamani, basi. Tena fsync katika ext3 iliweza kukwamisha mashine nzima, nani angeipenda? Hapo mimi nawatetea.

Ts'o huyohuyo akaandika badiliko: faili likichukua jina la jingine, au likifutwa yaliyomo na kuandikwa upya, ext4 isichelewe kuligawia nafasi. Mwenye kulipima badiliko hilo alikuwa na shauri gumu. Kulikubali ni kupunguza kasi na kuwadekeza wazembe. Kulikataa ni kumwadhibu mwenye faili, ambaye POSIX hajapata hata kuisikia. Nilipokagua maandalio ya masomo ya wanachuo, niliona andalio lisilo na dosari hata kifungu kimoja, na darasa lisiambulie kitu. Ningelikubali.

Nalo lilikubaliwa, likatoka katika toleo la 2.6.30, Juni 2009. Mpaka leo kinga hiyo imewashwa tangu mwanzo. Asiyeitaka huizima mwenyewe kwa neno noauto_da_alloc.