Nani Aliyebuni? Simu, Fedha na Boda Boda Mjini Kampala

Wengi siku hizi huuliza kama makampuni makubwa ya teknolojia bado yanabuni, au yanaishi kwa jasho la jana. Sisi walimu wa lugha twaona yafaa kwanza kulipima neno lenyewe. Kubuni ni kutoa wazo lisilokuwapo. Kueneza ni kulifikisha kwa wengi. Historia ya Kampala yatuonyesha kwamba kazi hizi mbili aghalabu hazifanywi na mtu mmoja.

Simu za mkononi ziliingia Uganda mwaka 1995, zikiletwa na Celtel. MTN ikafuata mwaka 1998. Makampuni hayo yaliuza mazungumzo. Lakini kijana aliyefanya kazi Kampala, na mama yake yuko kijijini, alikuwa na haja nyingine. Alinunua kadi ya muda wa maongezi, akampigia mwenye simu ya kulipia kule kijijini, akamsomea tarakimu za siri. Yule akazitia katika simu yake, akajikatia ujira, akampa mama fedha taslimu. Hapakuwa na kampuni iliyowafundisha. Mwaka 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka 2009 MTN ikaanzisha huduma ya namna hiyo Uganda. Desturi ya raia ikawa biashara ya kampuni.

Boda boda nayo ilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo mpakani. Pikipiki zilikuja baadaye. Mwaka 2014 SafeBoda, kampuni changa ya Kampala, ilianza kuwafunza waendeshaji na kuwavika kofia ngumu abiria, kisha ikawaunganisha kwa programu ya simu. Uber, iliyofika mjini mwaka 2016 na huduma ya magari, iliongeza ya pikipiki mwaka 2018. Jitu likafuata nyayo za mtoto.

Hata hivyo, Mgala muue na haki yake mpe. Katika mbinu ya kadi, mwenye simu akizila fedha, mama hakuwa na pa kushtaki. Kampuni ilileta minara, mawakala na kumbukumbu ya kila shilingi. Kulipatia wazo ulinzi ni ubunifu wa namna yake. Kwa hiyo jibu letu ni hili: kampuni kubwa hubuni inapotazama watu wanavyojitafutia njia, ikiacha kutazama, hubaki kukusanya ada tu.

Jambo hili latuhusu darasani. Mwanafunzi anayeamini kwamba kila kipya hutoka ng'ambo hujiona mnunuzi maisha yake yote. Basi tuwape wanafunzi wetu insha: waulize nyumbani fedha zilitumwaje kabla ya mwaka 2009, waandike kwa Kiswahili sanifu. Wazee wanaokumbuka wangalipo, na historia hii haijaandikwa yote.