Sita na Sita Ni Sifuri

Mpwa wangu alifika kwangu Kangemi Jumapili moja na daftari lililojaa mishale, akalibwaga mezani hata kabla ya kuketi. "Mjomba, hii ringi ni pete gani isiyovaliwa kidoleni?" Yuko mwaka wa pili Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, anasoma aljebra dhahania, somo ambalo sisi tuliliita "abstrakti" tu, kama mtu anavyoutaja ugonjwa kwa jina la mkato. Nimefundisha hisabati shule za upili kwa miaka 35 na sikuwahi kumfundisha mtoto yeyote ringi. Lakini nilizisoma, palepale anaposomea yeye. Nikamwambia anywe chai kwanza.

Mahali penyewe pana historia yake. Jina Chiromo lililetwa na Ewart Grogan, Mwingereza aliyepata umaarufu kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo. Alilitoa Nyasaland, Malawi ya leo, pale Mto Ruo unapoingia Mto Shire, akalibandika nyumba yake ya Nairobi. Ndiye huyohuyo aliyewachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Sisi tulishuka huko kila asubuhi kutoka mabwenini, kando ya barabara ya State House, daftari kwapani, na hakuna aliyetueleza habari hizo.

Chuo chenyewe kilianzia mjini. Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956, kikiwa kimeungana na mradi wa Wahindi wa Afrika Mashariki waliochanga pesa kumkumbuka Gandhi. Sanamu yake bado ipo pale. Mwaka 1961 kikawa Chuo cha Kifalme cha Nairobi, na digrii zikatolewa na London. Mwaka 1963 kikaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Mimi niliingia mwaka 1981. Walimu walikuwa wetu, lakini aljebra ilikuwa ileile iliyochongwa Ujerumani miaka ya 1920, Emmy Noether alipokuwa akifundisha Göttingen, na van der Waerden akaja kuiweka vitabuni. Sisi tulikifahamu zaidi cha Herstein, cha mwaka 1964. Maktabani kiliazimwa kwa saa, na foleni yake nilizoea kuipanga kabla ya chai.

Ila abstrakti haikuwa ngeni kwangu kama ilivyopaswa kuwa, na hapo ndipo pana kisa.

Mwaka 1962 wahisabati wa Marekani, Uingereza na Afrika walikutana Entebbe kuandika vitabu vipya vya hesabu kwa shule za Kiafrika. Urusi ilikuwa imerusha setilaiti ya Sputnik miaka mitano kabla, na Wamarekani walikuwa wameingiwa na hofu kwamba watoto wanafundishwa hesabu za babu zao. Mradi ule wa Entebbe, na mwingine uliofuata nyayo za Waingereza, ulileta Kenya kile tulichokiita Hisabati Mpya: seti, vekta, matriksi, na hesabu za saa. Kidato cha kwanza nilijifunza kwamba tisa kujumlisha tano ni mbili. Mwalimu alichora duara ubaoni, akaandika namba kumi na mbili, akasema tuzunguke. Tukazunguka. Hakuna aliyetuambia tunazungukia nini.

Kisha mwaka 1981, mwaka uleule nilioitwa chuoni, Rais Moi akaipiga marufuku. Wazazi walikuwa wamelalamika muda mrefu, nami siwalaumu: ukimwona mwanao akichora miduara ya seti ilhali chenji ya dukani inamshinda, una haki ya kukasirika. Hata hivyo, nadhani kosa halikuwa la hisabati yenyewe. Walimu walipewa vitabu bila kupewa sababu, nao wakatupa sisi vilevile. Basi nikaingia Chiromo nikiwa nimebeba vifaa ambavyo serikali imevitupa, na mhadhiri akavitandaza upya mbele yetu na kuviita makundi.

Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali. Wanafunzi wengi waliingia barabarani kushangilia. Chuo kikafungwa, na tulikaa nyumbani zaidi ya mwaka mmoja. Nilirudi Kakamega na mashati mawili na daftari moja. Tulikuwa tumefika kwenye kanuni ya Lagrange: kikundi kidogo kilicho ndani ya kundi lazima idadi yake iigawe idadi ya kundi zima bila baki. Niliijua kwa kuikariri, kama sala ya lugha ya watu.

Kukhu, nyanya yangu, alikuwa na saa ya mezani yenye kengele. Ilionyesha nane, naye akisema ni saa mbili. Ilionyesha kumi, akisema saa nne. Wengi wanaosema Kiswahili hufanya hivyo: unautazama mkono wa saa, unasoma namba iliyo mkabala nao. Siku moja nilikuwa nimekaa karibu na jiko, akaniuliza saa ngapi, nikajibu, halafu nikanyamaza. Nilikuwa nimejumlisha sita. Na mtu akitaka kuirudisha saa ya Kiswahili kuwa ya Kizungu anajumlisha sita tena, si lazima atoe. Sita na sita ni kumi na mbili, na kwenye saa kumi na mbili ndiyo sifuri. Kikundi kidogo kilikuwa pale mezani: sita na kumi na mbili, memba wawili tu. Jozi zake zote nilizijua tangu utotoni: moja na saba, mbili na nane, tatu na tisa, hadi jozi sita zikaisha na saa nzima ikawa imegawika bila baki. Ukiruka kwa tatu unapata memba wanne. Ukiruka kwa tano unaipitia saa yote kabla ya kurudi ulikoanzia. Kikundi cha memba watano hakipatikani ng'o, ruka utakavyo. Lagrange akawa mtu wa Kakamega.

Miongoni mwa walionifundisha saa ile ya ubaoni, hakuna aliyewahi kuitaja saa hii. Nami darasani kwangu sikuitaja kwa miaka mingi. Silabasi ilikuwa imekwisha kuzifuta hesabu za saa.

Tuliporudi Chiromo mwishoni mwa 1983, ringi zilitungoja. Nilimweleza mpwa wangu kwamba ni saa ileile, ila sasa unaruhusiwa kuzidisha pia. Tatu mara nne ni kumi na mbili, yaani sifuri: vitu viwili ambavyo si sifuri vinazaa sifuri. Hilo lilimchangamsha kuliko chai. Kuhusu pete, nilimwambia neno ni la Mjerumani David Hilbert, mwaka 1897, na kwamba kwa Kijerumani linaweza pia kuwa chama cha watu, kwa hiyo asihangaike na kidole. Aliniuliza kama enzi zetu watu walibeba mwakenya kwenye mtihani. Nikamwambia neno hilo lilikuja baadaye, na lilikuwa jina la harakati za siri kabla ya kuwa jina la kikaratasi cha kuibia. Isitoshe, abstrakti haiibiki. Unaweza kuwa na kitabu kizima mfukoni na bado usijue pa kuanzia.

Jua likaanza kushuka. Nje utingo wa matatu alikuwa akiita tao, tao, yaani mjini. Nikamuuliza mpwa wangu saa. Akatazama simu: 17:40.

"Kumi na moja na dakika arobaini, Mjomba."

"Umejuaje? Simu yako haina mikono."

"Nimetoa sita."

"Mbona mimi kwa Kukhu nilikuwa nikijumlisha?"

Akasimama mlangoni, mkoba begani, midomo ikihesabu. Matatu ya kwanza ikaondoka bila yeye.