Hukumu ya Kukalia Nafasi ya Abiria Mwingine Ndani ya Treni

SWALI: Abiria amepanda treni ya TAZARA Tunduma akiwa na tiketi ya kitanda, akamkuta mtu mwingine amelala hapo. Je, anayo haki ya kumwondoa? Na aliyewahi nafasi isiyo na namba, akishuka kununua chakula, ameipoteza?

JIBU: Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu (s.a.w.).

Reli ya TAZARA, iliyojengwa 1970 hadi 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, ikipitia Vwawa na Tunduma. Katika safari ndefu namna hiyo, nafasi ni haki kubwa.

Kitanda chenye namba: Tiketi ni mkataba wa ijara. Aliyelipa amemiliki manfaa ya kitanda hicho mpaka mwisho wa safari yake, na Suratul Maidah, aya ya 1, inaamrisha kutimiza mikataba. Hadithi ya Ibn Umar katika Bukhari na Muslim inakataza kumwinua mtu alipokaa, lakini makusudio yake ni aliyekaa kwa haki. Basi mwenye tiketi aombe kwa upole. Akikataliwa, amwite mhudumu wa behewa. Akimwachia mama mwenye mtoto au mgonjwa, hiyo ni ihsani yenye ujira, lakini halazimishwi.

Namba moja ikiuzwa kwa wawili, aliyetangulia kukata tiketi ndiye mwenye haki. Wa pili atafutiwe nafasi au arudishiwe nauli yake.

Nafasi isiyo na namba: Ni ya aliyetangulia. Akitoka kwa dharura kisha akarudi, bado ni yake, kama ilivyo katika hadithi ya Abu Hurayra kwa Muslim. Ama kutandaza mabegi kuwazuilia nafasi watu ambao hawajafika, huku wengine wamesimama, ni dhulma.

Kumpa mhudumu pesa ili akupe kitanda cha mwingine ni rushwa, haramu kwa mtoaji na mpokeaji.

Vyumba vya kulala hutengwa vya wanaume na vya wanawake, isipokuwa familia ikikata vitanda vyote: vinne daraja la kwanza, sita la pili. Wanaosafiri na wake zao wakate mapema.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.