Vanishi ya Kuazima: Historia ya Mipako ya Fimbo za Biliadi

Fimbo ya kuchezea biliadi, hasa ile ya mchezo wa pool, ni mti uliokerezwa ukawa mwembamba, wenye urefu unaokaribia sentimita 147 na uzito wa gramu 510 hadi 600 hivi, na thamani yake yote imeegemea sharti moja ambalo mti kwa asili yake haulipendi, nalo ni kubaki umenyooka. Mti uliokatwa na kukaushwa huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa kadiri majira yanavyobadilika; hutanuka na kunywea zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu, na kwa kuwa nyuzi zake hazilingani kila mahali, upande mmoja huupita mwingine na fimbo ikapinda. Fundi hupambana na hali hiyo kwa hatua mbili zinazopaswa kutofautishwa tangu mwanzo: kuziba, yaani kuingiza ndani ya vinyweleo vya mti kitu kitakachoganda humo na kuvijaza, na kupaka, yaani kujenga juu yake tabaka angavu linaloonyesha mti na kuukinga na jasho, uchafu na mikwaruzo. Hakuna mpako unaozuia unyevu kabisa. Ulio bora huuchelewesha tu, ili mti ubadilike polepole na kwa usawa. Katika historia ya kazi hiyo jambo moja hujirudia: watengenezaji wa fimbo karibu hawakubuni mpako wao wenyewe, bali waliazima kwa maseremala, kwa wanakemia na kwa wapaka rangi za magari, na kila mkopo ulikuja na riba yake.

Mchezo wenyewe ulitoka uwanjani ukaingia ndani ya nyumba katika karne ya 15, na Mfalme Louis XI wa Ufaransa anatajwa miongoni mwa watu wa mwanzo kumiliki meza yake. Kwa muda mrefu mpira ulisukumwa kwa rungu lenye kichwa kipana. Fimbo nyembamba ilizaliwa pale wachezaji walipoanza, katika karne ya 17, kuligeuza rungu hilo na kutumia mkia wake karibu na ukingo wa meza, mahali ambapo kichwa hakikuenea. Maadamu rungu lilisukumwa tu, ulaini wa mti haukuwa jambo kubwa. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa karne ya 19, ncha ya ngozi, ambayo kwa kawaida huhusishwa na Mfaransa François Mingaud, ilipomwezesha mchezaji kuuzungusha mpira kwa kuupiga pembeni. Tangu hapo fimbo ilitakiwa iteleze katikati ya vidole bila kukwama, na kila kijinundu juu ya mti kikaweza kuharibu pigo.

Mipako ya kwanza ilikuwa ile ile ya meza na makabati, na sababu yake ni nyepesi kuiona. John Thurston, aliyeanza kazi London mwaka 1799, alikuwa fundi wa samani kabla ya kujikita katika meza za biliadi, na J. M. Brunswick, aliyefungua karakana yake Cincinnati, Marekani, mwaka 1845, alianza kwa kutengeneza magari ya farasi. Mafundi wa samani walitumia sheleki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa India kwenye vitawi vya miti, ambao huyeyushwa katika spiriti na kusuguliwa juu ya mti kwa kitambaa kilichofungiwa pamba, tabaka nyembamba juu ya tabaka, mpaka mti ung'ae. Riba ya mkopo huo ilikuwa dhahiri: kinachoyeyuka kwa spiriti huyeyuka pia kwa pombe iliyomwagika, na unyevu huuachia mabaka meupe. Kwa chombo kinachoshikwa usiku kucha katika kumbi za kunywea, hiyo haikuwa dosari ndogo.

Watengenezaji wa magari ya farasi walihitaji kitu kigumu zaidi, na hapa pwani ya Afrika Mashariki inaingia katika simulizi hii, wala si kama msindikizaji. Sandarusi ni utomvu wa mti ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa. Utomvu mbichi ulitoka kwenye magome ya miti iliyo hai, lakini uliotafutwa sana ni ule uliolala ardhini kwa muda mrefu, mara nyingi mahali ambapo miti yenyewe ilikwisha kutoweka, ukachimbuliwa Mrima, yaani ukanda wa bara unaoelekea Unguja, na kuvushwa hadi Zanzibar. Ulipooshwa na udongo ukatoka, uso wake ulionekana umejaa vipele vidogo vidogo kama ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa, na wanunuzi walivihesabu vipele hivyo kuwa alama ya ubora. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta vitambaa vya merikani na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na Richard Waters, konseli wa kwanza wa Marekani, alifika Zanzibar mwaka 1837. Huko ilikokwenda, sandarusi ya kuchimbwa haikukubali kuchanganyika na mafuta mpaka kwanza iyeyushwe kwa joto la nyuzi 300 za Selsiasi na zaidi, ipoteze karibu robo ya uzito wake kwa moshi, ndipo itiwe mafuta ya kitani yaliyo moto na kuzimuliwa kwa tapentaini. Iliyopatikana ilikuwa vanishi ngumu, angavu, yenye kustahimili mvua na matope ya barabarani. Si haki kudai kwamba kila fimbo ya karne hiyo ilipakwa sandarusi, kwani vanishi ya mafuta ilichukua siku nyingi kukauka na sheleki ilikuwa ya haraka zaidi; lakini jicho la mnunuzi aliyezoea ung'avu wa gari la farasi na wa samani za kifahari ndilo lililoikagua fimbo pia.

Meli zilizobeba sandarusi zilibeba na pembe, na pembe laini ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa mipira ya biliadi. Katika miaka ya 1860 kampuni ya Phelan na Collender ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi yake. John Wesley Hyatt wa Albany aliitikia kwa nitroselulosi, yaani pamba iliyotiwa asidi ya naitriki, ambayo Christian Schönbein wa Basel alikuwa ameigundua mwaka 1846. Hyatt alianza kwa kuivika mipira utando wa nitroselulosi iliyoyeyushwa, na mwaka 1870 yeye na nduguye wakapata hataza ya seluloidi. Kitu hicho kilikuwa cha jamii moja na baruti, na Hyatt mwenyewe alisimulia miaka mingi baadaye kwamba mwenye ukumbi mmoja wa Colorado alimwandikia kuwa mipira ikigongana kwa nguvu hutoa mlipuko mdogo, jambo ambalo yeye binafsi halikumsumbua, ila kila mwanamume ukumbini alichomoa bastola yake. Kwa hiyo nitroselulosi ilifika mezani ikiwa mpira, muda mrefu kabla ya kuenea juu ya fimbo.

Ilipofika kwenye fimbo, ilikuwa imepitia kwenye magari. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont, pamoja na General Motors, ilitoa Duco, laka ya nitroselulosi yenye rangi iliyonyunyizwa kwa hewa na kukauka kwa saa chache, wakati vanishi za awali ziliweza kulifungia gari karakanani kwa wiki kadhaa. Laka isiyo na rangi iliifaa fimbo kwa namna ya pekee. Hukauka kwa kuvukiza thina tu, bila badiliko la kikemia, hivyo kila tabaka jipya huyeyusha kidogo lile lililo chini yake na yote kuwa kitu kimoja. Mkwaruzo wa miaka mingi huweza kuzibwa bila alama ya kiungo. Riba yake ilikuwa unjano unaozidi kadiri miaka inavyopita, nyufa nyembamba zinazotokea fimbo ikitolewa kwenye baridi kali na kuingizwa kwenye joto, na kunywea kusikoisha upesi, ambako huufanya uso uliokuwa kioo uanze kuonyesha tena vinyweleo vya mti.

Ni katika kipindi cha laka ndipo fimbo za mkono zilipopata majina yake makubwa ya Marekani. Herman Rambow wa Chicago, aliyefanya kazi katika kampuni ya Brunswick kwa miaka mingi, aliwatengenezea mabingwa kama Willie Hoppe. George Balabushka, aliyezaliwa Urusi mwaka 1912 na kufariki mwaka 1975, alianza kutengeneza fimbo Brooklyn mwaka 1959, mara nyingi akitumia mashina ya Brunswick yaliyokwisha kuunganishwa, ambayo aliyakereza upya kwa kipimo chake. Fimbo za watu hao sasa ni mali ya wakusanyaji, na mpako umekuwa chanzo cha ubishi, kwa sababu tabaka la awali, pamoja na unjano na nyufa zake, ni ushahidi wa mkono wa fundi, na anayeliondoa kwa msasa ili apake jipya huondoa pia sehemu ya unene ambao fundi aliuacha kwa makusudi. Wanaotetea tabaka kuukuu wana hoja yenye nguvu zaidi: mti haurudishiwi vumbi lake.

Mkopo uliofuata ulikuwa poliurethani, ambayo Otto Bayer aliigundua Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, na ambayo katika miaka ya 1980 ilienea ikiwa tabaka angavu la mwisho juu ya rangi ya magari. Mafundi wa gereji wa Afrika Mashariki huiita klia. Ni vanishi ya sehemu mbili zinazochanganywa muda mfupi kabla ya kazi, nazo zikishaungana hakuna thina wala pombe itakayoziyeyusha. Kazi yenyewe hudai subira. Shina, yaani nusu nene ya nyuma ya fimbo, hufungwa kwenye keezo na kupigwa msasa hadi namba 400 au 600, kisha hupanguswa vumbi lote, kwa kuwa vumbi la mti mweusi likijipenyeza katika vinyweleo vya mti mweupe wa mepo halitoki kirahisi. Gundi ya eposi nyembamba hupakwa huku shina likizunguka polepole, iingie vinyweleoni. Ikishakauka husawazishwa, ndipo klia hunyunyizwa, shina likiendelea kuzunguka ili mpako usichuruzike upande mmoja. Baada ya kugumu vizuri hupigwa msasa wa maji, namba 1000 hadi 2000, na kung'arishwa. Mahali pa wasiwasi ni kwenye pete za shaba, fedha au plastiki: mti hutanuka, pete haitanuki kwa kiasi hicho, na ufa wa kwanza, mwembamba kuliko unywele, huonekana hapo. Riba ya klia, hata hivyo, hulipwa na fundi mwenyewe zaidi kuliko fimbo, kwani kigumishi chake kina isosayaneti, kemikali zinazoweza kumwachia anayezivuta pumu ya kudumu, na karakana isiyo na barakoa ya hewa safi haipaswi kuinyunyiza kabisa.

Kuna miti inayokataa kupakwa. Jamii ya Dalbergia, ukiwemo mpingo wa Lindi na Mtwara na kokobolo wa Amerika ya Kati, ambao mafundi huupenda kwa mashina, ina kemikali za asili zinazochelewesha vanishi nyingi kuganda, hasa zile zinazokauka kwa kuvuta oksijeni. Dawa mojawapo ni tabaka jembamba la sheleki iliyoondolewa nta yake, kwani nta ikibaki poliurethani haishiki vizuri; sheleki iliyokataliwa juu ya fimbo imepata kazi chini yake.

Sehemu ambayo mchezaji huigusa zaidi ndiyo iliyopakwa kidogo kuliko zote. Ufito, yaani kipande chembamba cha mbele, ambacho kwenye ncha huwa na kipenyo cha milimita 13 hivi kwa fimbo za pool na 9 hadi 10 kwa zile za snuka, ukipakwa klia nzito hunata kwenye vidole vyenye jasho. Kwa hiyo huzibwa tu, husuguliwa mpaka joto la msuguano liulainishe, kisha hupakwa nta. Nchini Uingereza, ambako fito za snuka hutengenezwa sana kwa mti wa eshi wenye vinyweleo vikubwa, wengi bado husugua mafuta ya kitani, yale yale yaliyoichukua sandarusi, na matambara yake huanikwa yakiwa yametandazwa, kwa kuwa yakikunjwa hupata joto na kuweza kuwaka yenyewe. Ufito wa nyuzi za kaboni, ulioenea miongoni mwa wachezaji wa kulipwa kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 2010, haunywi unyevu wala hauhitaji kuzibwa. Hupanguswa kwa spiriti, basi. Lakini mara nyingi huungwa kwa skrubu na shina la mti, na shina hilo bado hupakwa klia ya magari.