Nanga ya kifuniko cha bwawa
Nanga ya kifuniko cha bwawa ni kifaa, aghalabu cha shaba ya njano, kinachozamishwa kwenye sakafu inayozunguka bwawa la kuogelea ili kushikilia mikanda ya turubai la usalama. Hutumika sana Marekani na Kanada, ambako mabwawa mengi hufunikwa majira ya baridi. Kwenye zege, tundu hutobolewa kwa keekee, kisha nanga hugongwa ndani. Vitofali vya pevingi vilivyolazwa juu ya mchanga huweza kusogea mkanda unapovuta. Hivyo nanga hutiwa katika bomba refu la alumini, mara nyingi la sentimita 45 hivi, linalopigiliwa hadi ardhini. Springi za mikanda hupokea mtikisiko wa upepo na uzito wa theluji. Kifuniko kinapoondolewa, skrubu ya nanga huzungushwa hadi ilingane na sakafu, isimkwaze mtu.