Kivuli cha Mwalimu Bowlby

Mwaka 1928 kijana mmoja Mwingereza alimaliza shahada yake Cambridge, akauweka kando udaktari aliokuwa akiusomea na kwenda kufundisha. Shule aliyofikia, Priory Gate, ilipokea watoto walioshindikana kwingine. Alimkuta pale mvulana wa miaka saba au minane, mwenye hofu nyingi, aliyemfuata kila aendako hata akajulikana kama kivuli chake. Alimkuta pia mwingine, mkubwa kidogo, mkimya, asiyemjali mtu, aliyefukuzwa shule kwa wizi na ambaye hakuwahi kuwa na mlezi mmoja wa kudumu. Mwalimu huyo aliitwa John Bowlby.

Historia ya nadharia ya mwambatano, yaani elimu ya jinsi mtoto anavyojifunga kwa anayemlea na jinsi fundo hilo linavyomfuata ukubwani, husimuliwa kwa kuanza na mama. Mimi naona ianzie shuleni. Huko ndiko ilikozaliwa, ingawa ilihama ingali changa na kurudi baada ya miaka zaidi ya sitini.

Iliyoihamisha ni kazi ya Bowlby mwenyewe. Alirudi kwenye udaktari, akasomea maradhi ya akili, na mwaka 1944 akachapisha habari za vijana wezi 44 aliowachunguza kliniki London. Kumi na wanne kati yao aliwaona kama wale wasio na upendo kwa mtu yeyote; 12 kati ya hao walikuwa wametenganishwa na mama zao kwa muda mrefu utotoni. Mwaka 1951 alitoa ripoti kwa Shirika la Afya Duniani, na kuanzia hapo macho yote yalimgeukia mama. Mwalimu akasahaulika.

Hapa ndipo habari inapofika kwetu. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Toronto na kufanya kazi na Bowlby London, alimfuata Kampala mumewe, aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii Makerere. Kati ya 1954 na 1955 alizitembelea familia 26 za Kiganda zenye watoto wachanga 28, akiwa na mkalimani wake Katie Kibuka. Walikaa saa mbili hivi kila safari, wakirudi baada ya wiki mbili. Alikuja akitaka kuona mtoto anavyoumia anapoachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi, akakuta desturi hiyo imekwisha kufifia. Basi akaangalia kilichokuwapo: mtoto anatambaa kwenda kuchungulia kitu, anageuka kuhakikisha mama yupo, anaendelea. Mama alikuwa kituo cha kutokea na cha kurudia.

Jambo moja lililomo katika kitabu chake cha 1967 limepata wasomaji wachache kuliko linavyostahili. Watoto wale hawakujifunga kwa mama peke yake. Wengi walikuwa na baba, bibi au mwingine wa nyumbani waliyemkimbilia. Mzazi yeyote wa ukanda huu asingeshangaa. Lakini Ainsworth alipohamia Baltimore akabuni jaribio maarufu la dakika 20 hivi, ambamo mama anatoka chumbani, mgeni anabaki na mtoto, kisha mama anarudi. Mtu mzima aliyehesabiwa akawa mmoja. Kutoka jaribio hilo tulipata makundi matatu: mtoto aliyetulia, anayekwepa, na anayeng'ang'ania huku amekasirika.

Kuyapeleka makundi hayo kwa watu wazima lilikuwa jambo la gazeti. Cindy Hazan na Phillip Shaver, wa Chuo Kikuu cha Denver, walichapisha dodoso katika Rocky Mountain News wakiwauliza wasomaji kuhusu mapenzi yao. Walichambua majibu 620, na mwaka 1987 wakatangaza kwamba asilimia 56 walijiona wametulia katika mapenzi, robo hivi wakikwepa ukaribu, na waliobaki wakiishi na wasiwasi wa kuachwa. Mitindo ya mwambatano inayotajwa leo kwenye simu za vijana ilitoka kwenye dodoso hilo.

Shule ilirudi kimyakimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Robert Pianta, wa Chuo Kikuu cha Virginia, alitengeneza dodoso la maswali 28 linalopima ukaribu, mgogoro na utegemezi kati ya mwalimu na mtoto. Yeye na Bridget Hamre waliwafuatilia watoto 179 kutoka chekechea hadi darasa la nane. Matokeo, yaliyotoka 2001, yaliumiza kichwa: uhusiano mbaya na mwalimu wa kwanza uliendelea kuonekana kwenye alama na nidhamu miaka mingi baadaye, hata baada ya kuzingatia tabia ya mtoto alipoanza shule.

Je, mwalimu huyo anaonekana hata katika ndoa ya mtu mzima? Ushahidi ni mwembamba. Marekani uko utafiti mkubwa ulioanza 1991 na watoto zaidi ya 1,300 katika vituo kumi. Walipofikia utu uzima, uhusiano na mama pamoja na marafiki wa utotoni ulijitokeza katika mahusiano yao, ila kwa kiasi, si kama hukumu. Lakini marafiki hao, mtoto aliwapata wapi kama si shuleni, chini ya macho ya mwalimu?

Mimi ninalo shaka moja juu ya dodoso la Pianta. Utegemezi humo ni alama mbaya: mtoto anayemng'ang'ania mwalimu ana tatizo. Mtoto wa nyumba yenye walezi wengi anaposhika nguo ya mwalimu huenda anafanya alivyozoea kufanya kwa shangazi. Na anayejaza maswali yote 28 ni mwalimu, hakuna hata moja analoulizwa mtoto. Yule mvulana wa Priory Gate angejaziwa fomu na Bowlby, na pale penye utegemezi angepata alama ya juu kabisa.